Nyaraka za mzigo wako zinalala wapi?

Seva ya ofisini, wingu la kukodi au hifadhi ya ushirika: uamuzi huu ndio utakaoonyesha kama una jibu siku forodha itakapouliza kuhusu mzigo wa miaka minne iliyopita

BARUA ya ukaguzi wa forodha ina tabia ya kufika wakati mzigo wenyewe umeshasahaulika. Vitenge vimeuzwa, faida imeingia katika mzigo mwingine, na karani aliyeandaa tamko la forodha amehamia kampuni nyingine. Barua inataka ankara ya muuzaji, hati ya shehena, uthibitisho wa malipo ya benki na cheti cha uasili wa bidhaa.

Mwenye mali anampigia simu wakala wake. Wakala anaanza kutafuta: katika kompyuta iliyobadilishwa mwaka jana, katika barua pepe ya mfanyakazi aliyeondoka, katika simu yenye maelfu ya picha za WhatsApp. Siku zinakwenda, na barua ina tarehe ya mwisho.

Ofisa anayeuliza hajavuka mipaka yake. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamruhusu, ndani ya miaka 5 tangu bidhaa zilipoingizwa au kupelekwa nje, kumtaka mwenye bidhaa au anayeshika nyaraka atoe vitabu, kumbukumbu na hati zote zinazohusu bidhaa hizo. Asiye na cha kuonyesha anabaki na maneno matupu ya kutetea thamani aliyotamka.

Ndiyo sababu kampuni ya biashara au ya uwakala inapokua hufika mahali ambapo kabati la mafaili na simu ya bosi havitoshi tena. Inahitaji mfumo wa kusimamia nyaraka: programu inayopokea kila hati, kuipa namba ya mzigo, kuiweka pamoja na wenzake, kuonyesha nani aliifungua na nani aliibadilisha, na kuitoa mara moja inapotafutwa. Mifumo hiyo ipo mingi, kuanzia SharePoint ya Microsoft hadi Alfresco na OpenText.

Wauzaji hupenda kuzungumzia uzuri wa programu. Swali linalosumbua baadaye ni jingine: programu hiyo pamoja na nyaraka zake ikae wapi?

Mzigo mmoja, ofisi tatu

Kwa mfanyabiashara wa ndani ya nchi moja, jibu linaweza kuwa chumba cha nyuma ya ofisi. Kwa anayevuka mipaka, mambo yamebadilika tangu Himaya Moja ya Forodha ilipoanza kutekelezwa mwaka 2014.

Chini ya utaratibu huo, mzigo wa Kigali unaoshuka Dar es Salaam hutamkwa na kulipiwa kodi Rwanda ukiwa bado bandarini, ndipo uruhusiwe kuondoka. Mzigo wa Kampala unaoshuka Mombasa hufuata njia hiyohiyo. Maana yake ni kwamba hati moja inahitajika na watu watatu kwa wakati mmoja: wakala wa bandarini, wakala wa nchi unakokwenda mzigo, na mwenye mali. Dereva naye akifika Rusumo au Malaba huweza kuombwa nakala ambayo hana.

Mamlaka za mapato zina mifumo yao. Tanzania ina TANCIS, Kenya ina iCMS, na Uganda, Rwanda na Burundi zinatumia ASYCUDA World. Lakini mifumo hiyo hutunza tamko na viambatanisho vilivyowasilishwa serikalini. Mkataba na muuzaji wa Guangzhou, risiti za benki, mawasiliano ya bei na hati ya madai ya bima ni mali ya mfanyabiashara, na kuzitunza ni kazi yake.

Aina nne za godauni

Kinachoitwa wingu si kitu cha angani. Ni kompyuta kubwa zilizopangwa katika jengo lenye umeme wa uhakika, ubaridi na ulinzi, zinazofikiwa kwa intaneti. Taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, NIST, iliyagawa mawingu katika makundi manne mwaka 2011, na mgawanyo huo ndio unaotumika hadi leo. Mfanyabiashara anaweza kuuelewa kwa mfano wa godauni.

La kwanza ni wingu la umma. Neno umma hapa halimaanishi serikali. Ni kama godauni kubwa la kukodi ambamo wateja wengi wanaweka mizigo yao, kila mmoja nyuma ya kufuli lake, na kulipa kwa kadiri anavyotumia. Amazon, Microsoft na Google ndio wenye magodauni makubwa ya namna hii. Yaliyo karibu zaidi na Afrika Mashariki kwa upande wa bara hili yako Afrika Kusini: Microsoft ilifungua Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020, na Google ikafungua Johannesburg mwaka 2024.

La pili ni wingu binafsi: godauni la kampuni moja tu. Linaweza kuwa ofisini kwake, au ndani ya kituo cha data alichokodi nafasi, kama vile vilivyopo Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala. Mwenyewe ndiye anayeamua nani aingie, na mwenyewe ndiye anayegharimia kila kitu.

La tatu ni wingu mseto. Sehemu ya mzigo inakaa kwako, sehemu inakaa kwa mwenye godauni kubwa, na mifumo miwili inazungumza.

La nne halitajwi sana na wauzaji, ingawa watu wa ushirika watalielewa haraka kuliko wengine. Ni wingu linalomilikiwa au kukodiwa kwa pamoja na kundi lenye shughuli na masharti yanayofanana. Tuliite wingu la ushirika. Chama cha mawakala wa forodha au cha wasafirishaji kinaweza kukodi mfumo mmoja, kila mwanachama akawa na chumba chake, na gharama ya fundi mmoja mzuri ikagawanywa kwa wote.

Juu ya hayo kuna swali la pili: unakodi godauni tupu au lenye mtunza ghala? Ukikodi kompyuta tupu, kazi ya kusimika programu, kuziba mianya ya usalama na kuweka nakala rudufu ni yako. Ukikodi huduma iliyokamilika, unafungua kivinjari na kuanza kazi, lakini ratiba ya mabadiliko na namna data inavyopangwa ni ya mwenye huduma. Biashara isiyo na fundi wa kudumu ikikodi kompyuta tupu kwa sababu ya bei, mara nyingi imenunua tatizo.

Ukubwa sio tatizo

Wengi huogopa wingu wakidhani nyaraka zao ni nyingi mno. Hesabu ndogo inasaidia. Chukua wakala anayeshughulikia mizigo 40 kwa siku, kila mzigo ukiwa na hati 10 zilizopigwa skani, kila hati ikiwa na kilobaiti 500. Hizo ni megabaiti 200 kwa siku. Kwa siku 300 za kazi ni gigabaiti 60 kwa mwaka, na kwa miaka 5 ya kisheria ni gigabaiti 300. Kiasi hicho kinaingia katika diski moja inayouzwa dukani.

Nafasi, basi, ni sehemu ndogo ya gharama. Fedha inakwenda kwa watu wanaotunza mfumo, kwa leseni ya kila mtumiaji, kwa intaneti na kwa nakala rudufu. Mara nyingi, tena, inakwenda kwa dola. Kampuni inayokusanya shilingi au faranga na kulipia wingu kwa dola kila mwezi imejibebesha hatari ya kubadilisha fedha juu ya ile iliyo nayo tayari kwenye mizigo. Mtoa huduma wa ndani anayetoa ankara kwa sarafu ya nchi anaweza kuonekana ghali kwenye karatasi na bado akawa na unafuu mwisho wa mwaka.

Siku mkongo ulipokatika

Jumapili ya Mei 12, 2024, mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika katika eneo la kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na nchi nyingine zilijikuta na intaneti ya kusuasua. Jijini Dar es Salaam, Ubalozi wa Marekani ulifunga milango kwa siku mbili kwa sababu ya hali ya mtandao.

Kwa mwenye nyaraka zilizoko Cape Town au Ulaya, siku kama hizo zinamaanisha kutazama duara likizunguka kwenye kioo huku lori likisubiri. Godauni halijaungua wala mzigo haujaibwa. Barabara ndiyo imefungwa.

Aliyehifadhi Nairobi, Dar es Salaam au Kampala anaweza kuendelea, kwa sababu mawasiliano ya ndani ya nchi na kati ya majirani yanaweza kupita katika nyaya za nchi kavu na katika vituo ambako kampuni za intaneti hubadilishana data bila kuitoa nje. Lakini kuna mtego. Mifumo mingi hukaa jirani huku ikimtaka mtumiaji athibitishe jina na neno la siri katika seva iliyo Ulaya au Marekani. Mkongo ukikatika, nyaraka ziko karibu na ufunguo uko mbali. Anayenunua huduma ya jirani aulize waziwazi kama mfumo unaweza kufunguka bila kutoka nje ya ukanda huu.

Asilimia zinazoandikwa kwenye mikataba nazo zisomwe kwa makini. Ahadi ya kupatikana kwa asilimia 99.9 inaruhusu huduma izimike karibu saa 9 kwa mwaka. Ikishuka hadi asilimia 99.5, saa hizo zinakaribia 44. Na ahadi hiyo kwa kawaida inahusu kompyuta za mtoa huduma tu. Mkongo uliokatika baharini haumo, wala nyaya zilizong'olewa na mashine ya kutengeneza barabara.

Moto wa Strasbourg

Wanaodhani kwamba seva ikiwa Ulaya mambo yamekwisha wakumbuke alfajiri ya Machi 10, 2021. Moto uliteketeza jengo moja la kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na kuharibu sehemu ya jengo la pili. Hakuna aliyeumia, lakini tovuti na mifumo mingi ilizimika, na baadhi ya wateja walipoteza data yao moja kwa moja.

Waliopona walikuwa na kitu kimoja cha kufanana: nakala zao zilikuwa mahali pengine. Kati ya waliopoteza walikuwamo ambao hawakulipia nakala rudufu kabisa, wakiamini kwamba kukodi wingu ni kulindwa, na wengine ambao nakala zao zilikuwa palepale penye moto.

Mafundi wana kanuni ya zamani: nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mbali. Kwa mfanyabiashara wa mpakani inatekelezeka bila fedha nyingi. Mfumo unafanya kazi katika kituo cha data, nakala ya kila usiku inaingia katika diski ya ofisini, na nakala ya kila wiki inakwenda mji au nchi nyingine. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa kurejeshwa ihesabiwe kuwa haipo. Mara moja kila robo mwaka mtu achague mzigo wa miaka mitatu nyuma, autoe kwenye nakala, na aone kama hati zinafunguka.

Data nayo ina mipaka

Mchele unavuka Rusumo kwa cheti. Taarifa za watu nazo zimewekewa masharti. Faili la mzigo lina pasipoti ya mteja, leseni ya dereva, namba za simu na akaunti za benki, na hizo ni taarifa binafsi kisheria.

Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019. Rwanda ilifuata mwaka 2021. Sheria ya Tanzania ni ya mwaka 2022 na ilianza kutumika Mei 2023. Zote zinaruhusu taarifa kutoka nje ya nchi kwa masharti, ila masharti hayafanani. Rwanda ndiyo iliyoandika wazi zaidi: taarifa binafsi zihifadhiwe ndani ya nchi, na anayetaka kuzihifadhi nje awe na cheti cha usajili kinachomruhusu.

Wakala wa Dar es Salaam mwenye wateja wa Kigali, basi, asitie saini mkataba wa wingu kabla ya kujua seva ziko nchi gani na nakala zinakwenda nchi gani. Jibu la "ziko kwenye wingu" halitoshi. Mtoa huduma makini hutaja mji, na huliandika hilo kwenye mkataba.

Umoja wa Forodha una sheria moja kuhusu mzigo. Kuhusu data ya mzigo bado kila nchi ina yake. Hadi hapo zitakapooanishwa, gharama ya tofauti hizo inabebwa na wafanyabiashara.

Nani achague nini

Mama anayevusha nafaka Mutukula au Busia kwa utaratibu rahisi wa biashara, ambao unahusu mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, hahitaji mfumo wa kampuni. Kinachomtosha ni kupiga picha kila risiti na kila cheti siku hiyohiyo, kuzipanga kwa tarehe katika hifadhi ya mtandaoni ya kawaida, na kumwachia mtu mmoja wa nyumbani au wa kikundi namna ya kuzifikia. Simu ikiibiwa stendi, biashara haijaibiwa.

Kampuni ya watu watano hadi kumi na tano, isiyo na fundi wake, inafaidika zaidi na huduma iliyokamilika katika wingu la umma, kwa sharti kwamba nakala ya pili inashuka ofisini. Seva ya kununua na kuweka chini ya meza, penye umeme wa kukatika na vumbi la barabarani, ndiyo inayoua data nyingi kimyakimya.

Wakala mkubwa mwenye ofisi bandarini na mipakani anafaa kufikiria mseto: mafaili ya mizigo iliyo njiani yakae katika kituo cha data cha Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, karibu na wanaoyahitaji kila saa, na kumbukumbu za mizigo iliyokwisha ziende kwenye hifadhi ya bei nafuu. Gharama yake ni kwamba mfumo wa sehemu mbili unahitaji fundi anayezielewa zote mbili.

Mawakala wa kati, ambao ndio wengi kwenye vituo vya huduma kwa pamoja vya mipakani, wana sababu ya kulitazama wingu la ushirika. Kila mmoja peke yake hawezi kumlipa fundi wa usalama wa mtandao; wakiwa ishirini wanaweza. Kikwazo ni kuaminiana, kwa kuwa washirika hao ni washindani, na orodha ya wateja ni siri ya biashara. Dawa ya hilo ipo: kila mwanachama afunge data yake kwa msimbo na abaki na ufunguo wake mwenyewe, fundi wa pamoja atunze masanduku bila kuweza kuyafungua, na mkataba useme nini kitatokea mwanachama akijitoa.

Mlango wa kutoka

Kujitoa ndiko kunakosahaulika zaidi, na si kwenye ushirika peke yake. Siku ya kusaini kila mtu anazungumzia kuingia. Miaka mitatu baadaye bei imepanda, au mtoa huduma ameuzwa kwa kampuni nyingine, na mteja anataka kuondoka na mafaili yake.

Hapo ndipo hugundua kwamba baadhi ya watoa huduma hutoza kwa kila gigabaiti inayotoka ingawa kuingiza ilikuwa bure. Hugundua pia kwamba picha za hati zinatoka, lakini maelezo yake hayatoki: namba ya tamko, tarehe, jina la mteja, nani aliidhinisha. Mafaili laki sita yenye majina ya namba tupu ni kama kontena la vipuri visivyo na lebo. Muda nao uhesabiwe. Kushusha gigabaiti 300 kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde kunachukua karibu siku tatu, usiku na mchana, bila kukatika.

Mkataba uandike basi mambo matano kwa lugha ya kawaida: data iko mji gani; nakala ziko wapi na zitajaribiwa lini; nani ana ufunguo; mteja akiondoka atapewa nyaraka pamoja na maelezo yake kwa muundo gani na kwa bei gani; na zitabaki zikifikika kwa siku ngapi baada ya mkataba kwisha. Muuzaji anayekwepa moja kati ya hayo amekwisha kujibu.

Hati halisi zenye mihuri zisitupwe kwa sababu mfumo umewekwa. Bado kuna meza zinazozitaka, na mahakama huweza kuziulizia.

Kipimo cha mwisho hakihitaji mtaalamu. Mwenye kampuni achague mzigo mmoja wa mwaka juzi, aangalie saa, na amwambie karani: leta faili lote. Zikitoka hati zote ndani ya dakika kumi, mahali zinapolala ni pazuri, liitwe wingu la aina yoyote. Zikishindikana, kazi ya kuzitafutia mahali ianze kabla barua ya forodha haijabisha hodi.